Milango ya Ukimoni

Ziko nchi ambazo msafiri akirudi kwao huzisimulia mpaka majirani wakachoka. Ukimoni si mojawapo. Semkiwa, mfuga nyuki wa milimani, alifika huko mara moja tu, kwa ajili ya harusi ya bintiye, na watu walipomuuliza habari za huko alijibu kwamba barabara ni safi na watu hawagombani. Yote mawili ni kweli. Aliyoyanyamazia ndiyo haya.

Semkiwa alikuwa mtu mrefu, wa kutundika mzinga mtini bila ngazi. Kwao neno lake lilitosha. Waliosafiri walimwachia funguo zao, na wagomvi walimwachia kitu wanachokigombea mpaka hasira zipoe. Yeye mwenyewe alijivunia jambo moja kuliko yote: hakuwahi kuazima kitu cha mtu, hata kipande cha moto. Kisichokuwepo nyumbani kwake alikikosa, basi. Alidhani hiyo ni sifa itakayotambulika popote penye binadamu.

Langoni mwa Ukimoni karani alimkaribisha vizuri, akampa kiti na maji, kisha akamuuliza, "Mzee wangu, umewahi kuazima nini, na kwa nani?"

"Namshukuru Mungu, sijawahi kuazima kwa mtu."

Karani akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa na mgonjwa kwamba hajatia kitu tumboni tangu juzi.

"Hata kinu?"

"Hata kinu."

"Hata mwavuli wa kuvukia mvua?"

"Mvua ikininyeshea hulowa, bwana. Kisha hukauka."

"Basi hujulikani," karani akasema taratibu. "Samahani sana. Aliyeazima akachelewa kurudisha, tunamjua kwa ubaya wake. Aliyeazima akarudisha kwa wakati, tunamjua kwa wema wake. Wewe hatukujui kwa lolote." Akamvalisha shingoni uzi wa katani uliojaa mafundo, akamwonyesha pa kupita kuingia mjini. Palikuwa ni tundu ukutani, kwenda juu halifiki kiunoni mwa mtu.

"Hapo napitaje?"

"Kwa magoti, mzee wangu. Wengi hupita."

Katika nchi ile kila nyumba, kuanzia duka la mkate hadi hospitali, ina milango mitatu. Upo mlango wa kofia, ambao mtu huupita amesimama wima na kofia yake kichwani. Upo mlango wa kiuno, wa kupita umeinama. Na upo mlango wa magoti. Wa nne pia upo, mlango wa tumbo, ila huo hautajwi mbele ya wageni. Mlango wa mtu hautegemei urefu wa mwili wake. Semkiwa aliwaona watu wafupi mno wakipita mlango wa kofia, na majitu marefu kama yeye yakitambaa kuingia dukani kununua kiberiti. Kinachoangaliwa ni kimo, na kimo ni kiasi ambacho mtu anaaminika, na anayekijua ni Kamba peke yake, ile inayohesabu kwa mafundo kila kinachoazimwa na kurudishwa.

Alitokea upande wa pili na mavumbi magotini. Binti yake Zawena alikuwa akimsubiri. Zawena alikuwa fundi wa kushona nguo za maharusi, ameishi Ukimoni muda wa kutosha kuzijua desturi zake, na alikuwa karibu kuolewa na kijana wa watu aitwaye Hilali.

"Shikamoo, baba," alisema, lakini macho yake yalitua kwenye uzi wa shingoni kabla ya kufika usoni.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, hata kinu?" akauliza kwa sauti ya chini, na machozi yakamlengalenga.

Alimweleza njiani. Ukoo wa Hilali ni watu wa mlango wa kofia tangu mababu. Kwa sheria ya Ukimoni, baba wa bibi harusi asipoingia harusini kwa mlango wa kofia, bintiye huandikwa kimo cha baba, na mume hushuka pamoja naye. Mama yake Hilali alikwishasema kwamba mwanawe hatashuka. Zawena mwenyewe alikuwa wa mlango wa kiuno, na asingeweza hata kumlaza baba yake chumbani kwake, maana anayelala na mtu wa magoti chini ya dari moja huamka amepungua.

"Sasa nitalala wapi?"

"Kuna mama mmoja huwapokea wasiojulikana. Usiudhike, baba. Ni kwa muda tu, tukutafutie kimo."

Mama huyo aliitwa Bi Rehani. Alikuwa mjane, mkulima wa maboga, mwenye sauti kavu na mkono mwepesi wa kukaribisha. Nyumba yake ilikuwa na mlango mmoja tu, wa magoti, kwa kuwa mtu wa magoti haruhusiwi kujijengea mwingine hata kwake. Semkiwa alipoingia kwa kutambaa alikuta uji wa moto umekwisha kuwekwa, na mkeka mpya umetandikwa upande usiopitisha upepo. Bi Rehani mwenyewe alibaki na ule wa zamani.

"Wewe ulichelewesha nini, mama?" Semkiwa alimuuliza walipokwisha kuzoeana.

"Kinu," alijibu. "Nilikiazima kwa jirani kutwanga dawa za mume wangu. Siku ya kukirudisha ndiyo siku aliyozidiwa, nikambeba mgongoni kumpeleka hospitali. Nilirudi mjane. Kinu nikakikumbuka baada ya matanga."

"Jirani alikasirika?"

"Jirani alilia na mimi. Alisema hata kukirudisha si lazima. Akaenda mwenyewe Nyumba ya Kamba kusema amesamehe. Wakamwambia Kamba haina hasira, basi haina cha kusamehe. Fundo likifungwa hukaa mpaka masika saba yapite." Akamwongezea uji. "Kunywa, baba. Hapa usione haya. Humu ndani sote ni warefu tukiketi."

Tangu hapo Semkiwa akaanza kutafuta kimo. Zawena alimfundisha: azima kitu usichokihitaji, kikae kwako, kirudishe siku iliyosemwa. Ndipo alipoelewa kwa nini watu wa Ukimoni hutembea na miavuli siku zisizo na mvua wala jua, na kwa nini sufuria zote za mji hupishana njiani. Kila nyumba ilikuwa na vyombo vya nyumba nyingine, na vyake viko kwa wengine. Hakuna aliyepikia chungu chake. Mfuga nyuki yule, ambaye aliwahi kula chakula kisicho na chumvi mwezi mzima asije akagonga mlango wa jirani, sasa alizunguka mitaani akiomba ungo. Mara ya kwanza alisalimia mara tatu bila kuomba kitu. Mwenye nyumba alilazimika kumuuliza, "Unataka kuazima, mzee? Sema tu, ni jambo la heshima."

Ungo wa kwanza aliurudisha mapema, akidhani amefanya vizuri. Fundo likaongezeka. Karani alimfafanulia kwamba mwenye haraka ya kurudisha kitu huwa anaiogopa tamaa yake mwenyewe, na mtu wa namna hiyo ni wa kuangaliwa. Akaenda kuuliza amebakiza kiasi gani kufika mlango wa kiuno. Fundo jingine, kwa sababu mwenye kujiamini hajipimi.

Alihudhuria pia baraza la wakubwa, ambako wageni huruhusiwa kusikiliza wakiwa wamepiga magoti kando ya ukuta. Siku hiyo walijadili kimo cha mtoto mchanga. Mjumbe mmoja, mtu mpole mwenye kikohozi, alidai mtoto apewe kimo cha mama yake. Mwingine alidai cha baba. Wa tatu akasimama, akasema kwamba mtoto mchanga ameazima tumbo la mama miezi tisa, na kuna wanaolirudisha kabla ya wakati na kuna wanaopitiliza, basi rekodi tayari ipo. Baraza zima likatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuna aliyecheka. Semkiwa alitazama huku na huku akitafuta hata mmoja aliyebana kicheko, akamwona mama mmoja mjamzito, naye alikuwa amekunja uso akifikiria.

Harusi ikakaribia. Semkiwa alikuwa amefika mlango wa kiuno, na hapo akakwama. Akaitwa Nyumba ya Kamba, akaenda na Zawena.

Aliyewapokea ni msomaji wa mafundo, Bwana Kadiri, mtu nadhifu wa maneno machache. Nyuma yake palikuwa na pazia zito, na kutoka nyuma ya pazia ulitokeza uzi wa katani uliofungwa mafundo. Bwana Kadiri aliupitisha katikati ya vidole vyake kama mtu anayesoma gizani.

"Uazimaji wako ni mzuri," alisema. "Kinachokuvuta chini ni malazi. Kamba inasema unalala kwa mtu wa magoti."

"Nani anayeyafunga haya mafundo, bwana?" Semkiwa akauliza.

"Kamba."

"Na Kamba imesukwa na nani?"

"Mimi kazi yangu ni kusoma, mzee. Lipo jambo moja. Huyo mama ndiye aliyeandikisha kwamba wewe ni mgeni wake, kama sheria inavyomtaka. Ukisema humjui, lile fundo litahama kutoka kwako. Utatoka hapa kwa mlango wa kofia."

"Litahamia wapi?"

Bwana Kadiri alipiga kengele ndogo, na mlango wa magoti ukafunguliwa, akaingia Bi Rehani akitambaa. Alikuwa ametoka shambani, mikono ina udongo. Hakuambiwa anaitiwa nini. Alipomwona mgeni wake uso ulimchangamka, akataka kumsalimu, kisha akaona jinsi watu walivyonyamaza, akajizuia.

"Mzee Semkiwa," Bwana Kadiri akasema, "unamjua mama huyu?"

Zawena alikuwa amesimama karibu na baba yake. Mikono yake ilikwisha kupakwa hina. Alimshika baba yake kwenye kiwiko, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo wakipita karibu na mizinga.

"Simjui," Semkiwa akasema.

Bi Rehani alimtazama kutoka pale chini. Mtu aliyezoea kutazama watu kutoka chini anajua kuzisoma nyuso, na uso wa Semkiwa ulisomeka wote. Kisha akageuka kwa Bwana Kadiri.

"Labda nimemfananisha," alisema. "Wageni ni wengi." Akarudi kinyumenyume mpaka mlango ukafungwa.

Semkiwa alitoka kwa mlango wa kofia. Zawena alilia kwa furaha, akambusu mkono, akasema, "Ahsante, baba, ahsante." Yeye aliutazama ule mkono uliobusiwa na hakujua auweke wapi.

Harusi ilifana. Aliingia wima, wakwe wakampokea kwa marashi na maneno matamu, na mama yake Hilali alimsifu kwamba mtu wa kwao anatambulika hata kwa shingo yake. Shingo yenyewe ilimuuma. Kila alipoinua kichwa alihisi kama ameazima kitu ambacho mwenyewe yuko nje anakisubiri. Sahani ya pilau ilipofika mbele yake alimega tonge, akalirudisha, akasingizia kuwa mtu wa milimani hajaizoea vizuri bizari ya mjini. Zawena aliketi akimeremeta. Semkiwa alimtazama na kumpenda, na kule kumpenda hakukumfariji hata kidogo.

Asubuhi yake alikwenda kwa Bi Rehani. Alimkuta fundi seremala mlangoni, akipigilia ubao chini ya kizingiti cha juu. Mlango ulikuwa umeshushwa mpaka umebaki mwanya wa kupita kuku.

"Kuna nini?" akauliza, ingawa alijua.

"Ameandikisha mgeni wa uongo," fundi akasema bila kugeuka. "Sasa ni wa mlango wa tumbo. Sogea kidogo, mzee, nisikutie vumbi. Wewe ni mtu wa kofia."

Semkiwa alivua kofia, akalala kifudifudi na nguo zake za harusi, akajiburuta ndani. Bi Rehani alikuwa ameketi akikata boga. Hakusimama kumpokea, wala hakumfukuza.

"Karibu," alisema. "Uji sijapika."

Semkiwa alibaki pale pale alipofikia, nusu ameketi nusu amelala. Maneno aliyoyapanga njiani yalimpotea. Mwisho akasema, "Mama, nimekukosea."

"Ulikuwa na harusi ya mwanao."

"Usinitetee. Nimekukosea."

Kisu kikasimama. "Haya, sikutetei," akasema Bi Rehani. "Unataka nikuambie? Huu ubao hauniumi. Sakafu nimeizoea. Kilichoniuma ni upesi wako. Nilidhani utakohoa kwanza. Nilidhani utasema, namfahamu kidogo tu, tulionana njiani. Mtu akinikana napenda aone tabu kidogo." Akaendelea kukata boga. "Wewe ulijibu kama aliyeulizwa jina lake."

Semkiwa hakuwahi kuijua aibu duniani kabla ya hiyo. Kutambaa langoni kulikuwa ni mchezo tu mbele yake. Alitamani mama yule apige kelele, amrushie boga, awaite majirani. Bi Rehani alikata vipande vyake, vyote sawa, akavitia chunguni.

Akatoka hapo, akaenda moja kwa moja Nyumba ya Kamba.

"Nimekuja kuondoa neno langu," alimwambia Bwana Kadiri. "Nilidanganya. Bi Rehani namjua. Nimelala kwake, nimekula kwake, na mkeka wake mzuri alinipa mimi."

Bwana Kadiri aliuvuta uzi polepole. "Mzee, nikuambie ukweli kabla sijaandika. Wewe utashuka, kwa kuwa sasa unajulikana ni mwongo. Yeye hatapanda. Fundo lake limekwisha kufungwa."

"Lakini lilifungwa kwa uongo wangu!"

"Kamba hukumbuka lililosemwa. Haiangalii lilikuwa kweli au la."

"Na mwanangu?"

"Ameolewa, amechukua kimo cha mumewe. Hashuki kwa sababu yako. Ila akikuamkia njiani atashuka, na hapo tena ni shauri lake."

Semkiwa angeweza kuondoka. Hakuna ambaye angemlaumu, na hakuna ambaye angenufaika kwa yeye kubaki. "Andika," akasema.

Bwana Kadiri hakuandika mara moja. Alitazama pazia, kisha akaegemea mbele na kuteremsha sauti. "Mama yangu mzazi anapita mlango wa magoti," alisema. "Ananiona sokoni. Tangu nilipopewa kazi hii sijamwamkia." Akangoja, kama mtu anayetaka aambiwe jambo. Jambo hilo Semkiwa mwenyewe alikuwa akilitafuta. Basi msomaji akainamia kazi yake, akafunga mafundo, na Semkiwa akatoka Nyumba ya Kamba kwa tumbo.

Bi Rehani alipomwona anaingia na uzi mpya shingoni aliusoma wote kwa kutupa jicho mara moja.

"Hukunisaidia kitu," alisema.

"Najua."

"Basi nibebee maboga. Leo ni siku ya soko."

Soko la Ukimoni ni uwanja mtupu, na ndipo mahali pekee ambapo watu wa milango yote huonana uso kwa uso. Semkiwa alijitwika tenga, akatembea bega kwa bega na Bi Rehani, na kila aliyekutana naye alimtamkia jina la mama yule kwa sauti. "Huyu ni Bi Rehani. Ndiye mwenyeji wangu." Watu waliuona uzi wake, wakawapisha, bila matusi wala dharau, kama mtu anavyompisha mchukuzi wa mkaa asije akachafuka.

"Punguza sauti," Bi Rehani alimwambia. "Unanitia haya." Lakini alitembea taratibu, asimwache nyuma.

Walipofika penye wauza nyanya, Semkiwa alimwona Zawena. Alikuwa na kanga mpya, mumewe upande mmoja na mama mkwe upande wa pili, wote watatu chini ya mwavuli wa kuazima. Zawena naye alimwona. Tabasamu lilimtoka kabla hajalizuia, mguu ukatangulia hatua moja. Kisha macho yakateremka mpaka kwenye uzi.

"Usitazame, mwanangu," mama mkwe akasema kwa upole wa kweli. "Ameshuka."

Hilali akautazama mwavuli. Zawena alisimama vile vile, mguu mmoja mbele, kwa muda ambao mwuza nyanya aliuona mrefu mpaka akamuuliza kama anataka nyanya au hataki. Ndipo akageuka. Alichukua nyanya moja, akaigeuzageuza, akairudisha, akachukua nyingine. Vidole vyake bado vilikuwa na hina.

"Si mwanao yule?" Bi Rehani akanong'ona. "Mwite. Akisikia sauti yako atakuja."

"Najua atakuja."

"Basi mwite!"

Semkiwa alitikisa kichwa. "Alikuwepo pale Nyumba ya Kamba, mama," alisema. "Alikuwa amenishika kiwiko. Aliniona nikikukana kwa ajili yake."

Semkiwa akaliweka tenga sawa kichwani, kisha akaona haliwezi kukaa, maana shingo ilikataa. Akalishusha, akalikumbatia kifuani, akainama mpaka uso ukafichika nyuma ya maboga, na akapita hivyo mbele ya bintiye, mtu mrefu kama yule, katikati ya uwanja usiokuwa na mlango hata mmoja.